Binti Yangu Ana Kisukari, na Nyumba Yetu Inaishi kwa Kuuza Vitumbua

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 33 na ninaishi Tanga. Binti yangu ana miaka 8 na yuko darasa la pili. Kaka yake ana miaka 12. Mwezi wa tisa mwaka jana binti yangu alianza kunywa maji kupita kiasi, akawa anakojoa kitandani ilhali tabia hiyo alikwisha kuiacha zamani, akakonda hata mifupa ya mabega ikaonekana. Tulidhani ni minyoo. Siku alipoanza kutapika na kuhema kama mtu aliyetoka kukimbia, tulimkimbiza hospitali, na huko ndiko tulikoambiwa kwamba ana kisukari cha aina ya kwanza. Alilazwa siku 9. Tulirudi nyumbani na insulini ya mchanganyiko ya kuchoma asubuhi na jioni, mashine ya kupimia sukari, na karatasi moja yenye picha ya sahani.

Naomba nieleze kwanza jinsi nyumba yetu inavyoishi. Tunakaa na mama mkwe wangu, naye anauza vitumbua. Kila siku saa kumi alfajiri anawasha jiko na kuanza kuchoma, na ikifika saa kumi na mbili harufu ya iliki na nazi imejaa hadi chumba cha watoto. Biashara hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu, na mpaka leo ndiyo inayonunua vijiti vya kupimia sukari mume wangu anapokuwa safarini, kwa kuwa yeye ni dereva wa lori na malipo yake hayana tarehe.

Tulipotoka hospitali niliona kazi yangu ni kumlinda mtoto na chakula. Nikawa nampikia chungu chake peke yake: uji wa ulezi usio na sukari, ugali wa dona, mchicha wa kuchemsha, na samaki wa kuchemsha bila nazi. Sisi wengine tukila wali wa nazi, yeye anakaa ukingoni mwa mkeka na sahani yake ya bluu. Miezi miwili ya mwanzo alikula bila kusema neno, lakini sasa anageuza uso. Jioni moja nilikwisha kumchoma sindano, akala matonge mawili akasusa. Saa saba usiku nilimgusa nikamkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mashine ilisoma 2.4. Mama mkwe alikuja mbio na kitumbua, lakini mtoto hakuweza kutafuna vizuri. Nilikoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha kidogo kidogo, akarudi katika hali yake. Tangu usiku ule ninaogopa sindano. Nikiona hali vizuri ninapunguza dozi kidogo bila kuwaambia kliniki, na nikipima ninakuta 17, siku nyingine 19.

Wiki iliyopita nilikuwa nikipanga mkoba wake wa shule, nikakuta kitumbua kimefungwa kwa karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu. Kilikuwa kimekauka kabisa, na upande mmoja kilikuwa kimeng'atwa kidogo sana. Nilimuuliza kwa ukali anamficha nani. Akaniambia, "Nakiweka mpaka nitakapopona."

Mume wangu alipopiga simu nikamweleza, naye akasema kuanzia sasa nyumba nzima ile anachokula binti yetu, na mama yake ahamishe jiko lake. Mama mkwe amejibu kwamba mtoto halindwi kwa njaa, na akauliza vijiti vitanunuliwa na nani. Wote wawili wananitazama mimi. Niwaombe wote waache vyakula vyao? Niombe jiko lihame? Au nimpe mtoto vitumbua kama bibi yake anavyotaka? Nimpikie nini ambacho atakila na hakitamdhuru? Idi inakaribia, na sijui nitamfungia ndani au nitamwachia atoke na wenzake.

Mama Aliye Katikati, Tanga

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Umeniuliza kuhusu chakula, lakini ndani ya swali hilo nimeona mambo matatu yaliyoshikana: mtoto anayekula peke yake ukingoni mwa mkeka, mama anayeogopa sindano kwa sababu ya usiku mmoja mbaya, na biashara ya familia iliyogeuka kuwa mshitakiwa. Mimi si daktari wa mwanao na sitapanga dozi. Hiyo ni kazi ya kliniki inayomwona. Ninachoweza ni kufikiri pamoja nawe.

Naanza na sindano, kwa kuwa jambo hili haliwezi kungoja siku ya kliniki. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe imeshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna chakula ulichompa kilichosababisha, na hakuna chakula kitakachozirudisha. Insulini ikipungua mno, mwili hushindwa kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, hugeukia mafuta, na mafuta yakiunguzwa hivyo hutoa ketoni, ambazo ni tindikali. Kule kutapika na kuhema ulikokuona kabla hajalazwa kulitokana na tindikali hizo. Kwa hiyo 17 na 19, ambazo moyoni mwako zinaonekana afadhali kuliko 2.4, ni hatari ya upande wa pili, na hali hiyo ikirudi ni ya kumkimbiza hospitali bila kungoja kuche. Tafadhali wapigie simu kliniki leo, au nenda kesho asubuhi, uwaambie habari za usiku ule na kwamba umekuwa ukipunguza dozi. Sidhani kama utakuwa mzazi wa kwanza kuwaambia hivyo. Wasipojua, watazisoma namba zako na pengine kuongeza dozi kwa sababu isiyo yenyewe.

Usiku ule ulifanya sawasawa. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L, kipimo cha mashine yako), mtoto anahitaji sukari inayoingia upesi. Mwongozo unaotumika kwa watoto ni takriban gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 20 ni gramu 6, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu cha sukari kilichokorogwa katika maji, kisha unapima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini unarudia. Kitumbua hakifai kwa kazi hiyo kwa sababu mafuta na nazi huchelewesha sukari kufika kwenye damu, ingawa mama mkwe wako alikileta kwa mapenzi matupu. Mwonyeshe na yeye kile kijiko na mahali sukari inapokaa. Na akizimia au asipoweza kumeza, msimtie chochote mdomoni. Ni hospitali moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye chungu chake. Ningependa tulitazame kwa upole wazo lililokufanya uwe na vyungu viwili, yaani kwamba kuna chakula cha watu wenye kisukari na kuna chakula cha watu wengine. Wengi tumelelewa na wazo hilo, kwa sababu wagonjwa wa kisukari tuliowajua utotoni walikuwa wazee wenye kisukari cha aina ya pili, walioambiwa wale dona na ulezi. Ulezi ni chakula kizuri, na dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe. Lakini kinachopandisha sukari ya binti yako zaidi ya kitu kingine chochote ni wanga, na kwa wanga ulezi na mahindi havipishani sana na mchele. Uji wa ulezi usio na sukari bado ni wanga, na unahitaji insulini yake. Basi inawezekana kwamba katika miezi hii yote mtoto amenyimwa ladha anazozipenda bila kupunguziwa wanga kwa kiasi ulichodhani. Silisemi hili ili ujilaumu. Ulipewa karatasi moja yenye picha, ukaifuata.

Mzazi wa mtoto kama huyu husaidiwa zaidi na kukijua kiasi kuliko kuwa na orodha ya makatazo. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban gramu 4 za wanga, kipande cha mkate takriban 15, glasi ya maziwa ya mililita 250 takriban 12, kikombe cha wali uliopikwa takriban 45. Yai halina wanga wa kuhesabika. Samaki na dagaa hawana, na mchicha una kidogo sana.

Je, kitumbua cha mama mkwe wako kina wanga kiasi gani? Ni yeye peke yake anayeweza kukujibu. Mchele mkavu una takriban gramu 80 za wanga katika kila gramu 100, na sukari ni wanga mtupu. Tuseme, kwa mfano, anatumia kilo 1 ya mchele na robo kilo ya sukari: hizo ni gramu 800 na gramu 250, jumla 1,050. Vikitoka vitumbua 70, kila kimoja kina gramu 15, sawa na kipande cha mkate. Vikitoka 50, kila kimoja kina gramu 21. Tui linaongeza kidogo tu. Alfajiri moja keti naye kabla hajaanza kuchoma, mkiwa na daftari, umwombe akupe vipimo vyake vya kweli, kisha mhesabu vitumbua vinavyotoka. Mwanamke aliyekoroga unga huo kwa miaka mingi kiasi cha kumsomesha mtoto anakijua kipimo chake kwa mkono, na nyumba yenu inauhitaji sana ujuzi huo sasa. Zingatia pia kwamba akipika vitumbua visivyo na sukari kwa ajili ya mjukuu, wanga wa mchele utabaki palepale. Wasidhani vile ni vya kula bila hesabu.

Kutoka hapo njia kadhaa ziko wazi, na kila moja ina uzito wake.

Njia ya kwanza ni kitumbua kuingia katika mlo, badala ya kuvizia nje ya mlo. Ikiwa, kwa mfano, kliniki imempangia gramu 45 za wanga asubuhi, vitumbua viwili vya gramu 15 pamoja na glasi ya maziwa na yai la kuchemsha vinakaribia hapo. Faida yake ni kwamba mtoto anayekula hadharani hana haja ya kuficha. Hatari yake ni kwamba kinachochomwa nyumbani kila siku ni rahisi kuchukuliwa bila kuonekana, na kitumbua cha tatu cha saa nne asubuhi hakina sindano yake. Tena ni chakula cha mafuta, na sukari yake inaweza kupanda kwa kuchelewa. Najua vijiti ni ghali. Labda mngetenga vichache kwa siku mbili au tatu: kimoja kabla ya mlo wenye kitumbua, kingine baada ya saa mbili, muandike namba na kuzipeleka kliniki. Mwache binti yako aandike mwenyewe.

Njia ya pili ni ile ya mume wako, nyumba nzima kula kama mtoto. Ndani yake kuna upendo, na chungu kimoja kinaweza kumrudisha mtoto katikati ya mkeka. Hata hivyo fikiria kaka mtu. Mvulana wa miaka 12 akinyang'anywa wali wake wa nazi kwa sababu ya dada yake, huenda asimlaumu baba aliye barabarani wala ugonjwa. Ipo pia namna ya kuligeuza wazo hilo: chungu kiwe kimoja, lakini kiwe kile mnachokipenda, na kiasi chake ndicho kipimwe. Chagua bakuli moja dogo, lishindilie wali au ugali, uligeuze juu ya sahani yake. Kesho na keshokutwa ni bakuli lilelile, na kliniki wakusaidie kujua lina gramu ngapi. Kilichobaki kwenye sahani kiwe samaki wa kupaka, maharage au kunde, mchicha wa nazi, kachumbari. Tui ni mafuta zaidi kuliko wanga, kwa hiyo sioni kwa nini samaki wake awe wa maji matupu. Maharage yana wanga wa kuhesabiwa, ila hupandisha sukari polepole kuliko wali mtupu.

Umeniuliza umpikie nini, na ningetamani swali hilo umpelekee yeye. Watoto wengi wa pwani wanapenda bajia za kunde, mayai ya kukaanga yenye nyanya na hoho, dagaa wa kukaanga wenye ndimu, kiazi kitamu cha kuchemsha na mtindi, chapati nusu na mchuzi wa kuku. Mpe vitu viwili achague kimoja, vyote viwili umekwisha kuvihesabu. Mtoto aliyeamuliwa kila kitu na sindano, saa na mashine hufurahi sana kuamua hata kama ni bajia au yai.

Kuna suala la kususa baada ya sindano, na hapa aina ya insulini ina maana kubwa. Insulini ya mchanganyiko ikishaingia mwilini hufanya kazi kwa saa nyingi iwe mtoto amekula au hakula, kwa hiyo inadai milo ya saa zilezile na kitafunio katikati, mara nyingi hata kabla ya kulala. Akisusa wali, unaweza kumpa maziwa au uji wenye wanga ule ule, usiku upite salama. Kasoro yake unaiona: akigundua kwamba kususa kunaleta kitu kitamu, atasusa tena, kwa hiyo cha akiba kiwe cha kawaida, kisiwe zawadi. Unaweza pia kuwauliza kliniki kama kuna uwezekano wa kutumia insulini ya muda mrefu pamoja na ile ya haraka ya kila mlo. Ile ya haraka kabisa, kwa watoto wasiotabirika mezani, wakati mwingine madaktari huruhusu ichomwe mara baada ya kula. Inampa mtoto uhuru zaidi wa saa na kiasi, lakini inaleta sindano nne au zaidi kwa siku, moja yake huenda shuleni, vijiti vingi zaidi, na gharama ambayo mtaipima wenyewe.

Kuhusu jiko la mama mkwe, nakuomba uulize kwanza swali ambalo katika barua yako halijaulizwa: binti yako mwenyewe anasemaje? Huenda harufu ile inamtesa. Huenda pia ndiyo harufu ya bibi yake, na jiko likihama atajiona yeye ndiye aliyemfukuza bibi. Likihama, nyumba itapumua asubuhi, ila mama mkwe atabeba unga na kuni gizani na kipato kinaweza kutikisika. Likibaki, pawe na makubaliano ambayo bibi mwenyewe ameyaweka, kwamba kitumbua cha mjukuu kinatoka mkononi mwake kwenye mlo na si vinginevyo. Sijui lipi litawafaa. Nadhani mama mkwe wako ana haki ya kuwa katika mazungumzo hayo tangu mwanzo, badala ya kupelekewa uamuzi uliofanyika kwenye simu.

Shuleni, mwalimu wa darasa ajue dalili za kushuka kwa sukari na awe na sukari kabatini. Na kama kuna uji wa saa nne, ulizia unatiwa sukari kiasi gani na apimiwe kwa kikombe kilekile.

Idi usimfungie ndani, ikiwa namba zake zimetulia na kliniki wamekupa mwongozo wa siku hiyo. Azunguke na wenzake na kaka yake. Kaimati na visheti vinaweza kuja nyumbani mfukoni, vikachaguliwa pamoja na kuliwa kwa hesabu kwenye mlo, na vingine akabadilishana na wewe kwa sarafu au utepe wa nywele. Soda ndiyo ningeiogopa zaidi: chupa ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari na inaingia mwilini mara moja. Kwenye begi lake lakini pawe na sukari ya dharura, maana mtoto anayekimbia mitaa mitatu kwa furaha anaweza kushuka vilevile.

Nimeyaacha mwisho yale maneno yake, "mpaka nitakapopona," kwa kuwa ndiyo yaliyonikaa rohoni. Ulipomkuta ameficha uliona udanganyifu. Mimi ninamwona mtoto aliyejizuia kwa siku kadhaa na kitu kikiwa mkononi mwake, akaonja ukingo tu, kwa sababu anaamini huu ni ugonjwa wa kupita kama malaria. Je, kuna mtu aliyemwambia kwamba insulini ataendelea nayo? Pengine mlimficha ili asihuzunike, nami nawaelewa. Ila kama anangoja kupona ndipo ale na nyinyi, atangoja kwa muda mrefu sana, na siku atakayogundua atakuwa peke yake na habari hiyo. Unaweza kuchagua kumwambia wewe, au mkamwambia pamoja na muuguzi wa kliniki anayempenda, kwa maneno ya miaka 8: kwamba kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, kwamba sindano inafanya kazi hiyo kwa niaba yake, na kwamba watoto wenye kisukari wanasoma, wanacheza mpira, wanakua na kuwa mama na baba. Atakapolia, mwache alie. Anaweza pia kuuliza kama atakula tena kitumbua, na jibu la swali hilo litakuwa tayari kwenye daftari mliloandika na bibi yake.

Niandikie baada ya Idi unieleze vitumbua vilitoka vingapi katika kilo moja, na alichagua nini.

Mshauri wako